Nimekubali Kuwa Macho ya Mashua Ilhali Sioni

(Barua hii na jibu lake vilipitishwa kwa mkono kwanza, kwa sababu ya uharaka wa jambo lenyewe. Tunavichapisha sasa kwa idhini ya mzee aliyeandika. Majina yamebadilishwa.)

Kwako Mheshimiwa Mama Fransina, Mshauri wa gazeti letu,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na jamaa yako na wote mnaotumika pamoja hapo Windhoek, nikiamini kwamba Bwana amewahifadhi katika baridi ya mwaka huu. Sisi wa huku Walvis Bay hatujambo. Ukungu ni ule ule, harufu ya viwanda vya samaki ni ile ile, na tumekwisha kuzoea kushukuru kwa yote mawili. Natanguliza radhi zangu kwa kuchelewa, kwani nilikusudia kukuandikia tangu jamaa zetu waliporudi kutoka mchangani kuvuna matikiti ya nara, nami nikawa naanza na kuacha, naanza na kuacha, mpaka jambo lililokuwa dogo likaota meno. Naomba radhi pia kwa mwandiko huu. Utaona mistari inapanda na kushuka kama vilima vya mchanga, na mahali pengine neno limekaa juu ya neno jingine. Si dharau, mama, na kabla sijamaliza utaielewa sababu yake. Basi naja kwako kama mtu anayebisha hodi kofia ikiwa mkononi: nisaidie.

Mimi ni mgane. Mke wangu Magrieta alipumzika miaka kadhaa iliyopita, nami nikabaki na mjukuu wetu Hendrina, ambaye sasa ni msichana wa miaka kumi na saba. Surua ilimpofusha akiwa bado anatambaa, na kwa kuwa mama yake anafanya kazi mbali, huko Lüderitz, na huja wakati wa Krismasi tu, ni sisi wawili tuliomlea, na sasa ni mimi peke yangu. Nilisomeshwa na wamisionari, waliotukaririsha Maandiko mpaka tukayasema usingizini, kisha nikawa karani bandarini hadi nilipostaafu, na katika kanisa letu mimi ndiye msomaji wa somo la Jumapili. Haya siyasemi kwa kujisifu, bali ili ufahamu jinsi watu wanavyonitazama, kwani hapo ndipo shida yangu ilipojificha.

Mama, mimi sioni.

Naomba uniwie radhi, ilibidi niweke kalamu chini kidogo, kwa kuwa sijawahi kuliandika neno hilo. Muuguzi wa zahanati aliniambia kwamba ni presha ya macho, na kwamba imekwisha kula pembeni kote. Kilichobaki ni kama tundu la ufunguo. Nikiliweka tundu hilo juu ya karatasi naweza kuandika herufi kubwa moja moja kwa kalamu nene, lakini mtu akisimama kando yangu sijui kama yupo mpaka akohoe, na ukungu ukishuka hata hilo tundu huzibwa. Muuguzi alinihimiza niende hospitali, nikamjibu kwamba nitakwenda, na mpaka leo bado nasema nitakwenda.

Anayejua ni Hendrina peke yake, wala si mimi niliyemwambia. Siku moja tukienda kanisani, yeye ameshika kiwiko changu kwa mkono mmoja na fimbo yake nyeupe kwa mwingine, kama desturi yetu, nilijikwaa kwenye ukingo wa barabara, na kabla sijapata la kusingizia akasema polepole, “Babu, kuanzia leo mimi ndiye nitakayekupeleka. Ila watu wasijue.” Tangu siku ile akikibonyeza kiwiko kwa kidole gumba nageuka kulia, akikibonyeza kwa kidole kidogo nageuka kushoto, na akikikamata kwa kiganja kizima nasimama. Watu wakituona njiani husema, “Tazameni mzee anavyomwongoza yule mtoto, Mungu ambariki.” Nami huinua kofia kuelekea ile sauti. Jumamosi alasiri yeye hulisoma somo kwa vidole katika maandishi yake ya nukta nundu, mimi nalishika kichwani, na Jumapili nasimama mbele ya kanisa, nakifungua Kitabu, na kugeuza ukurasa pale ninapohisi kwamba mwenye macho angegeuza.

Sasa, mama, nakuja kwenye bahari. Yuko hapa Nahodha Renate, mama mzaliwa wa ghuba hii hii, mwenye mashua ya matanga, ambaye kila likizo ya Agosti huwachukua vijana wasioona kwa juma zima. Vijana hulala chomboni, hupika, huvuta kamba za tanga na kushika usukani wao wenyewe, mpaka nje kabisa ya ile rasi yenye mnara wa taa na sili wanaobweka. Mwaka huu Hendrina amechaguliwa. Siku alipopata habari alicheka jikoni kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu bibi yake alipotutoka.

Nahodha alituita jamaa wa vijana katika ukumbi wa kanisa ili atueleze masharti. “Kila kijana aje na mtu wake mmoja mwenye macho,” alisema. “Sitaki malaika. Nataka mtu atakayeiona mashua nyingine kabla haijatupanda.”

Kijana mmoja asiyeona, jina lake Tuhafeni, mwenye mdomo mwepesi, akauliza, “Na sisi, Nahodha, tutakuwa tunafanya nini? Tunakula?”

“Ninyi ndio mtakaoendesha. Wenye macho watakaa kimya mpaka waone kitu.”

“Mama yangu akae kimya juma zima? Hiyo safari tutaisimulia!” akasema Tuhafeni, na ukumbi mzima ukacheka.

Kisha nahodha akauliza Hendrina atakwenda na nani. Jirani yetu Dortea, mwanamke mwenye adabu na macho mazima, akajibu upesi, “Mimi nitakwenda naye, likizo ninayo.” Nami, sijui ni kiburi gani kilichonishika, nikasimama nikasema, “Asante, binti yangu, lakini mlinzi wa mtoto huyu ni mimi.”

“Mzee wangu, naomba nisikukosee,” nahodha akasema, “macho yako yakoje?”

Kabla sijafungua kinywa, Bibi Aletta, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akadakia kutoka nyuma, “Macho ya mzee? Huyu hutusomea kila Jumapili hata miwani havai! Sisi wengine tunaomba atuazime!” Watu wakacheka, nami, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Hendrina peke yake hakucheka. Vidole vyake vilikauka kwenye kiwiko changu kama vijiti.

Jumamosi iliyopita tulikwenda safari ya majaribio. Ukungu ulikuwa haujainuka, umelala juu ya maji, na upepo ulikuwa mwanana. Nahodha aliniweka mbele kabisa, kwenye omo, akaniambia, “Mzee, kazi yako ni moja. Ukiona kitu, piga kelele. Usipoona kitu, wewe kula upepo tu.” Hendrina akaomba akae nami kwanza, mpaka babu azoee, na watu wakadhani ni mzaha.

Tukatoka. Hendrina akaninong'oneza, “Boya la kengele, kushoto.” Nikapaza sauti, “Boya, kushoto!” Nahodha akaitikia kutoka nyuma, “Hongera, mzee! Mimi mwenyewe sijaliona bado.” Baadaye Hendrina akasikia maji yakipiga yale mapipa yanayoelea ya wafugaji wa chaza, akaninong'oneza, nami nikatangaza. Nakiri kwamba nilianza kufurahi, mama. Nilikaa pale mgongo umenyooka kama mtu mwenye cheo chake.

Ndipo nahodha akaita, “Hendrina! Tanga linakusubiri, au umekuja kumlinda babu yako?” Akasita. Nikamwambia, “Nenda, mwanangu, niko sawa.” Akaenda nyuma, wakampa ile kamba ya kulizuia tanga wanayoiita demani, upepo ukaingia, tanga likajaa kwa kishindo, na mjukuu wangu akapiga kelele ya furaha ambayo nadhani ilisikika hadi bandarini. Nikageuza kichwa kumsikiliza. Nikawa namsikiliza yeye.

Sauti iliyofuata ilitoka chini yangu, mbele, karibu mno. “Jamani! Jamani! Kwani hamwoni?”

“Hatuoni, kaka!” akajibu Tuhafeni aliyekuwa kwenye usukani. “Ndiyo maana tunakuja!”

Nahodha alirukia usukani, mashua ikalala ubavu, watu wakaangukiana, na nikasikia kitu kikikwaruza mbao zetu kutoka mbele mpaka nyuma. Alikuwa kijana mmoja katika kimtumbwi cha plastiki, vile vya kukodisha watalii, ambacho hakina injini wala sauti. Kafi lake lilivunjika. Yeye, kwa rehema tu, hakuumia.

Nahodha akaja mbele, akachuchumaa karibu nami. “Mzee, ulikuwa ukitazama wapi?”

“Jua limenipiga machoni,” nikasema.

Nikamsikia akiinuka. Kisha akasema, “Sawa, mzee,” akarudi nyuma.

Njiani kurudi nyumbani Hendrina alibonyeza tu, kulia, kushoto. Tulipofika akavua jaketi lake na kusema, “Babu, siendi. Tumbo langu na bahari havielewani.”

“Lakini ulifurahi, nilikusikia.”

“Zilikuwa kelele za kuogopa. Na isitoshe, nikienda na Dortea, wewe utabaki na nani? Sukari yenyewe unaipa meza, kikombe kinabaki kikilalamika.”

Alisema kwa utani, nami nikacheka, lakini najua kwamba tumbo lake ni zima. Juzi nilipotaka kuinuka kutoka kwenye kiti changu, kiti kikanifuata, na meza ikakifuata kiti. Alikuwa amekaa chini ya meza akifanya mazoezi ya lile fundo walilofundishwa chomboni, akafunga mguu wa kiti na mguu wa meza, kisha akasahau kufungua. Mtu asiyetaka kwenda baharini hafanyi mazoezi ya mafundo chini ya meza.

Basi, mama, nimebanwa pande zote. Nahodha anatutazamia sote wawili Jumatatu ijayo. Nikinyamaza na kwenda, najua sasa kinachoweza kutokea, na vijana wale wote watakuwa wamelala wakiamini kwamba kuna macho kwenye omo. Nikinyamaza na kubaki, Hendrina atabaki kwa ajili yangu, na atalishikilia lile neno la tumbo hata uzeeni. Nikisema, naogopa nahodha ataona kwamba tulimdanganya sote wawili, maana ni yeye Hendrina aliyeninong'oneza, na atamnyima mtoto nafasi kwa kosa ambalo ni langu. Kwa Dortea nako narudi na uso gani, nami nilimkataa mbele ya watu? Na kanisani je? Nitashuka pale mbele baada ya miaka yote hii, niseme nini?

Nisamehe kwa urefu wa barua hii na kwa kukutwika mzigo ambao si wako. Naomba jina langu lisitajwe. Naomba pia, kama si usumbufu, uniandikie jibu kwa herufi kubwa sana, kwa wino mweusi, ili niweze kulisoma peke yangu mlango ukiwa umefungwa.

Barua hii ataileta Bibi Aletta, yule yule aliyenisifia macho, ambaye anakuja huko kwenye mkutano wa akina mama na atarudi Ijumaa. Hajui kilichomo.

Wako kwa unyenyekevu,
Mzee wa Ghubani


JIBU

Mzee wangu mheshimiwa,

Salamu zimefika, radhi zimepokewa, na mwandiko nimeusoma wote, hata yale maneno yaliyopandiana. Bibi Aletta anakunywa chai sebuleni kwangu na basi lake halimsubiri mtu, kwa hiyo nitasema upesi.

Pole. Nalisema hili mwanzoni ili usije ukalisahau nitakapoanza kukugombeza. Kabla sijashika kalamu hii nilikuwa muuguzi, na nimewaona wazee wengi wakiuficha ugonjwa huo kama mtu anavyoficha kiraka cha suruali: wanachagua kiti cha kukalia, wanachagua upande wa kusimama, wanacheka pale wanaposikia wengine wanacheka. Najua jinsi kazi hiyo inavyochosha. Kuigiza kuona kutwa nzima ni kazi nzito kuliko kubeba magunia, na umeifanya bila kupumzika, tena bila mke wa kumnung'unikia jioni. Laiti ungekuwa karibu ningekupikia chai, na sukari ningetia mimi.

Sasa kaa vizuri.

Jua gani, mzee? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ukungu ulikuwa haujainuka. Unamwambia mtu aliyezaliwa Walvis Bay kwamba jua limekupiga machoni asubuhi ya ukungu! Na yule yule alikuwa ametoka kukusikia ukitangaza boya ambalo yeye, mwenye macho ya baharia, hajaliona. Mimi niko mbali na bahari, sijui tanga wala kamba, lakini hata mimi nimeelewa. Aliposema “Sawa, mzee,” hakuwa amekuamini. Alikuwa amekuachia mlango wazi, nawe umesimama nje siku zote hizi ukipapasa ukutani.

Na kijana wa kafi? Umemtaja kwa mistari michache ukapita. Huyo ni mtoto wa mtu. Mbao zile zingempitia juu, leo ungeniandikia barua nyingine, na mimi nisingekuwa na jibu. Usimpite haraka hivyo. Ukimpata, mwombe radhi, na kafi umlipe.

Hendrina je? Wewe unasema anakupenda, na ni kweli. Lakini tazama ulichomwachia abebe. Ni macho yako barabarani, ni macho yako kanisani, ni mtunza siri yako, na sasa amekuwa hata mlinzi wa mashua kwa niaba yako, na kazi yote hiyo anaifanya huku wapita njia wakimwonea huruma kwa kuongozwa. Siku aliyoshika kamba ile na tanga likajaa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mikono yake kushika kitu kisicho kiwiko chako. Ulimsikia alivyopiga kelele. Unajua vizuri haikuwa hofu.

Unaniuliza kama useme au unyamaze. Jibu la hilo unalo, mzee. Aliyekaririshwa Maandiko mpaka usingizini hahitaji kumwandikia mwanamke wa Windhoek ili amwambie kwamba mtu asiyeona hapaswi kuwekwa omoni. Unachoniuliza ni kitu kingine, nacho nimekisoma pale mistari inapopandiana. Unataka kujua kama Hendrina, akienda juma zima na kugundua kwamba anaweza, atarudi kukishika kiwiko chako kama zamani.

Sitakudanganya. Kama zamani, hapana. Ana miaka kumi na saba, na kama hatamchukua nahodha huyu mwaka huu, atachukuliwa na masomo mwakani, au na kazi, au na yule Tuhafeni mwenye mdomo, usinikasirikie. Lakini fundo lile alilifunga kwenye kiti chako. Mtoto wa namna hiyo hapotei. Mwache aende, ili siku akirudi kukushika iwe ni kwa kupenda, na si kwa sababu hakuna mwingine anayejua.

Unasema ukiueleza ukweli nafasi yake itapotea. Itapotea vipi, hali Dortea yuko ukuta wa pili na likizo anayo? Unauliza urudi kwake na uso gani. Rudi na huo huo ulio nao. Mwambie, “Binti yangu, nilikosea, naomba uende naye.” Maneno hayo ni machache kuliko salamu zako za mwanzo wa barua. Na kwa nahodha, sema wewe kwamba kunong'ona kulikuwa kosa lako. Mtoto alifanya alichofundishwa nyumbani, kumtii babu yake. Atakayekasirika, akukasirikie wewe. Una umri wa kutosha kustahimili.

Hospitali uende wiki ile ile mjukuu wako yuko baharini, na usije ukaniandikia tena kwamba utakwenda. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, hilo nakuambia kama muuguzi, lakini dawa ya matone huweza kulinda kilichobaki, na tundu la ufunguo ni mali kwa mtu aliyebakiwa na tundu la ufunguo. Kila mwezi uliopita ukisema “nitakwenda” umelila tundu hilo kidogo.

Kanisani usishuke. Nani amekuambia ushuke? Kulisema somo lote kutoka moyoni ni jambo ambalo wachungaji wengi hawaliwezi. Mwambie mchungaji wako ukweli, kisha usimame pale pale, mikono yako imetulia, na Kitabu kikiwa kimefungwa. Dhambi haikuwa katika kukariri, mzee wangu. Ilikuwa katika kugeuza kurasa.

Na fimbo nyeupe ya Hendrina haitamfaa chomboni; huko watu hushika kamba. Itabaki nyuma ya mlango wenu juma zima. Kabla hajaondoka mwombe akufundishe kuishika, hata kama ni kutoka jikoni mpaka getini. Atakucheka. Mwache acheke, amengoja sana. Na watu wa mtaani wakikuona nayo wakaanza kunong'ona, inua kofia kama kawaida yako. Hilo unalijua vizuri.

Jambo la mwisho. Uliniomba nikuandikie kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi, ili usome peke yako mlango umefungwa. Nimekataa. Nimeandika kwa herufi ndogo kadiri mkono wangu unavyoweza, kwa kalamu ya penseli, na hutaona hata jina lako. Bibi Aletta atakukabidhi Ijumaa bahasha iliyofungwa, na kwa mdomo atakuambia kwamba ni ya kufunguliwa na Nahodha Renate tu, Jumamosi, wewe na Hendrina mkiwepo. Nimemwambia asiifungue hata ukimbembeleza, na najua utambembeleza kwa adabu sana. Jumamosi asubuhi Hendrina akupeleke bandarini, kidole gumba na kidole kidogo kama mlivyozoea, uipande ile mashua, umpe Nahodha Renate karatasi hii, umwombe akusomee kwa sauti, na mjukuu wako awe kando yako akisikia.

Akifika mstari huu atakuwa amekwisha kuyajua yote, nawe hutakuwa umelazimika kutafuta hata neno moja.

Nahodha, asante kwa kusoma. Mzee ana la kukuambia. Mpe nafasi.

Fransina